Mifuko Kumi na Tisa Iliyokataa

Watu wanapenda kuyapa majini makazi ya mbali: mapangoni, magofuni, kwenye visima vilivyokauka. Ni kujifariji tu. Huyu ninayemsimulia alikaa mahali pa joto, penye chakula tele na njia zinazofika kila kona, na alipoingia hakuvunja hata kitasa.

Ilianza na pamba. Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, mtaalamu mmoja wa maabara, mwanamke ambaye hospitali nzima ilimwita Dada wa Damu, alijifunga mpira mkononi, akajichoma mshipa na kujaza kichupa kimoja cha damu yake mwenyewe. Akachomoa sindano, akabandika pamba, akakunja kiwiko na kuhesabu hadi mia, kama alivyowazoesha wagonjwa wake. Alipoitoa, pamba ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na tone wala doa. Aliitazama ngozi na hakuona hata pale sindano ilipopita. "Leo nimejichoma kifundi," alijisemea, akaitupa pamba na kuendelea na kazi.

Msishangae mtu mzima kujitoa damu bila ugonjwa. Ile ilikuwa benki ya damu, na Dada ndiye aliyekuwa kipimo chake. Damu ukiizuia isigande na ukaiweka wima kwenye kichupa, hujipanga yenyewe bila kuamrishwa. Chembe nyekundu, zile zinazobeba hewa kutoka mapafuni, huzama chini kwa uzito wao. Juu yake hukaa utando mwembamba wa chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, pamoja na zile ndogo kabisa zinazoziba majeraha. Juu ya yote hubaki maji ya manjano yanayosafirisha chakula, joto na taka za mwili, na ndani ya maji hayo mna silaha: kila mwili huweka humo silaha dhidi ya kila kitu kigeni ulichowahi kukutana nacho. Kwa hiyo kila mfuko ulioletwa, maji yake yalichanganywa kwanza na chembe nyekundu za kundi O, ambazo kwa kawaida hazigombani na mtu. Chumbani mle waliita kuonjesha. Zikitulia, mfuko unapita. Zikishikana vidonge, mfuko una kasoro.

Chembe za kuonjeshea huagizwa, nazo huchelewa. Mkuu wa maabara, mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, alichoka kusubiri. "Tunaagiza nini na kisima tunacho humu humu?" alisema siku moja akimwonyesha Dada kwa kalamu. Damu ya Dada ilikuwa O, safi, imepimwa kwa kila namna. Basi kwa miaka sita, kila Jumatatu alijaza kichupa kimoja, na wiki nzima damu za watu wengine zikapimwa kwa yake. Hakuna aliyewahi kuuliza yake inapimwa kwa nani.

Jumatatu hiyo ilionjeshwa mifuko minne. Yote minne ikashikana vidonge.

"Minne kwa mpigo?" Mkuu alibadilisha miwani, akakitikisa kichupa dirishani. "Damu za watu siku hizi! Wanakula nini huko?"

"Nirudie?"

"Rudia."

Alirudia mara mbili. Vidonge vilikuwa vikubwa, vyeusi kidogo, na alipoinama kwenye darubini alihisi harufu ya chuma kilichopashwa moto, harufu ambayo damu baridi haina. Akasikia na kitu kingine. Moyo wake ulikuwa ukimpigia masikioni, jambo la kawaida kwa mtu aliyeinama, lakini baada ya kila pigo lilikuja pigo dogo la pili, limechelewa, kama mtu anayekufuata unyounyo na kukanyaga pale ulipokanyaga. Aliinuka upesi. Akashika kifundo cha mkono na kuhesabu. Moyo ulikuwa mmoja. Akajilaumu kwa kuja kazini bila kunywa chai.

Wiki ile haikuwa wiki ya kuchezea damu. Ghorofa ya juu, wodi ya wazazi, kitanda cha dirishani, alilala mdogo wake wa pekee akiwa na mimba ya miezi minane. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeziba njia ya mtoto, na daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: siku yoyote damu inaweza kutoka kwa wingi, basi wawe na mifuko miwili tayari. Dada ndiye aliyemlea binti huyo tangu mama yao alipofariki. Alimsuka, alimsomesha, alimwoza. Kila siku saa nne alipanda ngazi kumwona.

"Mifuko yangu ipo, dada?" mdogo wake aliuliza siku ile.

"Itakosaje kuwepo? Mimi si ndiye mwenye friji?"

Walicheka wote wawili, lakini Dada aliposhuka ngazi hakuwa akicheka tena.

Jumanne mifuko mitano ilishikana. Jumatano sita. Mkuu alianza kusema habari ya maji ya bomba, kisha habari ya dawa za mashambani, na kila mfuko aliuandikia "Utupwe." Lakini Dada hakuwa akifikiria mabomba. Alikuwa akimfikiria Glavu.

Glavu alikuwa fundi mpya, ana wiki tatu tu pale, kijana wa maneno machache asiyevua glavu hata akinywa chai. Watu walimtania: "Huyu hata harusini ataingia na glavu, bibi harusi atadhani anapimwa." Yeye alitabasamu tu. Alikuwa na tabia ya kumtazama Dada anapofanya kazi na kuangalia pembeni akitazamwa. Isitoshe, Ijumaa iliyopita yeye ndiye aliyefunga friji jioni, na Jumatatu mfuko mmoja haukuwemo.

Mfuko huo Dada aliukumbuka vizuri kuliko alivyopenda. Ijumaa hiyo aliutoa kwa mwanamume mmoja mrefu, mpole kupita kiasi, aliyekaa kitini akiitazama sindano bila kupepesa. "Itaingia kwa nani?" aliuliza. Dada akamjibu, kwa yeyote mwenye haja. "Yeyote?" alisema yule mtu, na wakati huohuo, sijui ilikuwaje, sindano iliyokuwa ikichomolewa kwake ikamchoma Dada kidole gumba. Ajali ya namna hiyo ina fomu yake, kurasa nne, pamoja na vipimo vya miezi sita. Dada aliosha kidole, akabandika plasta na kunyamaza. Kwa hiyo hakuweza kuuliza mfuko ule umekwenda wapi bila yeye mwenyewe kuulizwa. Akabaki kumshuku Glavu kimoyomoyo, na shaka isiyosemwa hunenepa.

Jumatano mchana alimwona kwa macho yake. Glavu alikuwa amekabidhiwa pipa la mifuko iliyokataliwa apeleke kwenye tanuri, nyuma ya jengo. Hakwenda nyuma ya jengo. Alikata kushoto, akaingia stoo ya vifaa vibovu, na alipotoka pipa lilikuwa jepesi mikononi mwake. Mtu anaficha damu mbovu kwa kazi gani? Dada alisimama kwenye kona ya korido, na lile pigo la pili kifuani likaongeza mwendo kana kwamba nalo limemwona.

Alhamisi asubuhi ilishikana minne ya mwisho. Jumla kumi na tisa. Friji ilikuwa tupu, na saa saba na robo mchana simu ikalia.

"Dada wa Damu, ni mkunga hapa wodini." Sauti ya mkunga ilikuwa ya mtu anayekimbia huku amesimama. "Mdogo wako ameanza. Inatoka nyingi. Tunampeleka chumba cha upasuaji. Tuletee."

"Naleta," alisema Dada, kwa sababu hakukuwa na neno jingine la kusema.

Mkuu alikuwa amepiga simu hospitali mbili. Ya karibu haikuwa na damu ya kundi la mgonjwa, ya mbali ilikuwa mwendo wa saa mbili. Dada akashika kichupa cha damu ya mdogo wake kilichokuwa kimetunzwa tangu asubuhi. Aliyaonjesha maji ya damu hiyo chembe zake mwenyewe, kichupa cha ishirini wiki ile. Akasubiri. Akakiinamisha kichupa kuelekea dirishani.

Zilikuwa zimetulia. Hapakuwa na hata kidonge kimoja. Damu ya mdogo wake peke yake, kati ya damu zote, ilikuwa imeikubali ya kwake. Machozi yalimtoka. "Sisi ni tumbo moja," alisema kwa sauti. "Nitoe mimi."

Alikuwa amekwisha kukunja mkono wa gauni Glavu alipoingia na kufunga mlango nyuma yake.

"Dada, naomba usimpe."

"Nini?"

"Damu ipo." Alizungumza chini chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliyemo chumbani. "Mifuko yote kumi na tisa ipo kwenye friji ya zamani, kule stoo. Niliitengeneza ile friji. Sikutupa hata mmoja. Nimeionjesha chembe zangu, mimi pia ni O. Imetulia yote. Haina kosa."

"Nilikuona. Nilikuona ukiificha."

"Niliificha kwa sababu nilikuwa na shaka. Watu kumi na tisa hawajuani, hawakai mtaa mmoja, na wote waugue wiki moja? Silaha zao zimeona kitu kigeni, Dada. Zimekikataa. Sisi tukazihukumu zenyewe."

"Kitu gani kigeni? Chembe zile ni zangu!"

Glavu alikuwa akitazama mkono wa Dada uliobaki wazi, mahali ambapo kwa miaka sita palikuwa na alama za sindano, makovu madogo meusi aliyokuwa akiyafanyia utani. Ngozi ilikuwa laini, haina kitu.

"Na mfuko wa Ijumaa?" Dada alimkatiza. "Ulifunga wewe. Uko wapi?"

"Sijauona mfuko wa Ijumaa. Nilipofunga palikuwa na mfuko mmoja mtupu, umefungwa vizuri, hauna tundu. Nikadhani mmekosea, nikautupa."

"Vua glavu."

"Dada, muda..."

"Vua!"

Alivua. Vidole vyote kumi vilikuwa vimetobolewa tobolewa, vingine vimevimba, kwa sababu wiki nzima alikuwa akijichoma kwa siri kupata chembe za kuonjeshea. Lakini mtu mwenye shaka haoni sababu, anaona alama. Dada aliona vidole vya mtu anayefanya mambo na damu peke yake, stoo, mlango umefungwa. Kule juu mdogo wake alikuwa akivuja. Mkononi mwake palikuwa na kichupa kilichotulia, na mbele yake mtu aliyeiba mifuko iliyofeli mara mbili mbili, anamwambia aichukue hiyo akamtie ndugu yake. Mimi siwezi kumlaumu, na wewe usijifanye hodari. Alifungua mlango akamwita Mkuu. "Mtoe huyu humu ndani. Na stoo ifungwe."

Mfuko wa damu hujaa kwa dakika nane au kumi. Wake ulijaa kwa tatu. Alilala kwenye kiti cha wachangiaji, akiutazama mpira uliobandikwa mkononi, na damu haikutiririka humo bali ilikwenda, nyeusi, kwa haraka, kwa kusukumana, na ile harufu ya chuma cha moto ikajaa chumba mpaka Mkuu akafungua dirisha na kusema labda mashine inaungua, na pigo la pili lililokuwa likimfuata nyuma tangu Jumatatu sasa likatangulia mbele ya moyo wake, likakimbia, likashuka begani, likapita kwenye kiwiko, akalisikia waziwazi likivuka pale sindano ilipo, kisha kifua chake kikawa kimya, ukimya ambao hakuutambua, akadhani ni kuzimia. Mkuu akaufunga mfuko na kukimbia nao ngazini. Ulikuwa wa moto mikononi, alisema baadaye.

Mkunga alisimulia kilichotokea chumba cha upasuaji, na alisimulia kama muujiza. Matone ya kwanza yalipoingia tu mshipani, damu ikakatika. Haikupungua polepole, ilikatika kama bomba lililofungwa. Daktari alisimama na uzi mkononi akitafuta pa kushona. Mtoto alikuwa amekwisha kutolewa, wa kike, mzima, ana nywele nyingi. "Miaka ishirini na mbili kazini," mkunga alisema, "sijaona jeraha lenye haraka namna ile." Dada alimkumbatia. Akalia, akacheka, akalia tena. Usiku huo alilala kama mtoto.

Ijumaa saa tatu asubuhi alivunja kichupa. Kigae kikamkata kidole, damu ikatoka, nyekundu, ikadondoka mezani, ikaendelea kudondoka. Aliitazama kwa furaha isiyo na maelezo. Alibadilisha pamba mara tatu. Ya nne ilipokuwa ikilowa, furaha ikaanza kumwisha.

Hakumwambia Mkuu. Alichukua ufunguo wa stoo, akafungua friji ya zamani. Mifuko ilikuwemo yote, imepangwa kwa tarehe, imeandikwa kwa mwandiko mdogo safi. Alichota chembe za kidole chake kinachovuja na kuonjesha mfuko wa kwanza, wa pili, wa tano, wa kumi na tisa. Ilitulia yote. Akakaa chini sakafuni. Kisha akainuka, akapanda wodini, akachukua tone moja kwenye kidole cha mdogo wake aliyekuwa amelala, tone ambalo ilibidi alikamue kwa nguvu kabla tundu halijajifunga, akashuka nalo na kulionjesha maji ya mfuko wa kwanza. Vidonge. Vikubwa, vyeusi kidogo, na vya moto.

Alimkuta Glavu nyumbani kwake, chumba cha nyuma ya duka la fundi viatu. Kabla Dada hajaomba radhi, kijana alisema, "Twende kwa bibi yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kutogusa damu kwa mkono mtupu."

Bibi alikuwa ametulia kwenye mkeka, akichambua dengu. Hakuwa na mbwembwe yoyote, na hilo lilimtisha Dada zaidi. Alisikiliza yote: mtu mrefu, kidole gumba, pamba nyeupe, mifuko, mdogo mtu.

"Huyo hana mwili wake," alisema. "Damu ina kazi nyingi, mwanangu. Kuna wabebaji, kuna walinzi, kuna waziba nyufa. Yeye huomba kazi moja. Huchagua kuziba, maana mwenye nyumba hamfukuzi fundi anayeziba vizuri. Akishaziba kila tundu, anaishi kwa raha zake. Mdogo wako yuko hai kwa sababu yake, tusimdhulumu."

"Anatoka?"

"Kwa mtu mzima anatoka. Nimemtoa kwa wawili. Mtu mzima ana damu ya kutosha kumpigania wakati namvuta. Mlete leo." Bibi aliacha dengu. "Amejifungua, ulisema. Ananyonyesha?"

"Jana maziwa hayakuwa yametoka. Mtoto alipewa kikombe."

"Maziwa yanatoka wapi?"

Dada alilijua jibu tangu chuoni. Kila kilichomo kwenye maziwa kimeletwa pale na damu.

"Atahamia kwenye nyumba mpya," Bibi alisema taratibu. "Kila mara huhamia akipata mpya; kwa mdogo wako alitulia makusudi ili afunguliwe mlango. Na kwa mtoto mchanga mimi simgusi. Damu yote ya mtoto mchanga inaenea kwenye kikombe kimoja. Nikimvuta huyo, nimemvuta na mtoto. Kimbia, mama. Usinywe hata maji."

Alikimbia. Barabara ilikuwa na jua kali, watu wananunua vocha, wanagombana, wanacheka, na kila mmoja wao alikuwa amejaa damu yake inayobeba na kulinda na kuziba bila yeye kujua, na Dada alipita kati yao akiomba jambo moja tu, maziwa yachelewe, yachelewe kama yanavyochelewa kwa wengine, siku mbili, siku tatu, kwa mama yao mwenyewe yalichelewa siku nne, alikumbuka hilo, alilishika, akapanda ngazi mbili mbili huku kidole kikimvuja kwenye leso, akapita kwa mkunga bila salamu, akausukuma mlango wa wodi.

Mdogo wake alikuwa amekaa kitandani, amechanua. Alikuwa akifunga kifungo cha gauni kwa mkono mmoja.

"Dada! Umekosa. Yametoka asubuhi hii, mengi, hata sikutarajia." Alimwinua mtoto begani na kumpigapiga mgongo. "Ameshashiba. Mara ya tatu hii, hata hakohoi, ananyonya kama mtu mzima. Haya, mwanangu, nenda kwa mama mkubwa aliyetuokoa."

Akamnyooshea. Mtoto alikuwa amefumba macho, mashavu yamejaa, na pale kisigino kilipochomwa kwa vipimo vya asubuhi hapakuwa na alama. Joto lake lilimfikia Dada kabla hajaguswa.

Dada wa Damu, aliyemlea mama wa mtoto huyo, alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

Mdogo wake alibaki amenyoosha mikono, tabasamu likimpungua usoni.

"Dada," alisema, "mbona humpokei?"